La Mgambo Likilia: Mtambo Mdogo wa Redio na Sauti ya Jirani

Utangulizi

Wazee wetu walituachia methali isemayo, "La mgambo likilia kuna jambo." Methali hii ni ushahidi kwamba kabla ya gazeti, na kabla ya redio, jamii zetu zilikuwa na vyombo vya kutolea habari, na zilikuwa na kanuni za kuamua ni nani apige pembe, wakati gani, na kwa jambo gani. Pembe haikupigwa ovyo, na aliyeipiga bila sababu aliulizwa na wenziwe. Lakini vilevile hapakuwa na kijiji kilichoamriwa kingoje pembe ya mji wa mbali ndipo kijue kwamba nyumba yake inaungua.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia ya redio katika nchi yetu na kwa jirani zetu kutoka upande ambao haujapewa nafasi ya kutosha vitabuni, yaani upande wa mtambo mdogo. Tusemapo mtambo mdogo tuna maana ya chombo cha kurushia matangazo chenye nguvu ya wati 1, au 10, au 50, kinachosikika katika kata moja au mji mmoja, na ambacho pengine huundwa na fundi kwa mapenzi yake tu ya ufundi, pasipo leseni. Sheria yakataza jambo hilo. Sisi hatuandiki ili kuihalifu sheria wala kuwasifu wanaoihalifu. Twaandika kwa sababu jambo lililokatazwa nalo lina historia yake, na taifa linaloijua nusu tu ya historia yake huamua mambo yake kwa nusu ya akili.

Mahali tutakapoegemea ni Kalangalala, kata iliyomo katika mji wa Geita. Twaichagua kwa sababu mji huo umekusanya watu. Wazinza na Wasukuma wanakutana hapo, pamoja na Walongo, mafundi wa chuma waliowahi kuyeyusha mawe ya chuma na kuwafulia majembe wakulima wa nchi jirani. Dhahabu nayo imewaleta watu wa kila pembe ya nchi. Mgodi wa Geita uliofunguliwa katika miaka ya 1930 ulifanya kazi hadi mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Na mkoa wenyewe wa Geita ulizaliwa mwaka 2012. Mahali penye wageni wengi na mafundi wengi, haja ya kupashana habari huwa kubwa kuliko mahali ambapo kila mtu amjua mwenziwe tangu utotoni.

Sauti kabla ya redio

Katika nchi ya Wasukuma, ngoma kuu zilikaa katika makazi ya ntemi, na kulia kwake kulikuwa na maana iliyofahamika. Mbali na ngoma za utawala palikuwapo mwano, yaani yowe la hatari. Mtu aliyevamiwa au aliyeibiwa ng'ombe alipiga yowe, jirani aliyelisikia akalipokea na kulipeleka mbele, na kila mwanamume mwenye nguvu akawajibika kutoka. Kukaa ndani ilhali yowe linapita lilikuwa kosa. Tuzingatie jambo hili: sauti ilipita kutoka kinywa hadi kinywa, kila mpokeaji akawa pia mrushaji. Hapakuwa na msikilizaji mtupu.

Aidha palikuwapo sauti ya furaha. Baada ya mavuno hufanyika mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayojinasibisha na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Katika mashindano hayo mtunzi huimba habari za mwaka uliopita, akamsifu mkulima, akamkejeli mlafi, akamkumbuka aliyekufa, na watu wakampa ushindi yule aliyewavuta wengi zaidi kwake. Hilo lilikuwa gazeti lao na mahakama yao ya maoni. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950, yamehifadhi ngoma na vifaa vingi vya nchi hiyo. Lakini ngoma iliyowekwa kabatini huonyesha umbo lake tu. Maneno yaliyoimbwa juu yake hufa pamoja na waliokuwapo, isipokuwa pawe na chombo cha kuyapokea na kuyarudisha kwa watu.

Redio yetu nayo ilianza ikiwa ndogo

Utangazaji wa redio uliingia Afrika Mashariki mwaka 1928 mjini Nairobi, ukiwalenga zaidi walowezi waliotaka kusikia habari za kwao Ulaya. Mwafrika hakuwa msikilizaji aliyekusudiwa. Kwetu Tanganyika, kituo cha kwanza kilikuwa Sauti ya Dar es Salaam, kilichoanza mwezi wa Julai mwaka 1951 kwa majaribio. Mtambo wake ulikuwa dhaifu, nao ulisikika mjini na kandokando yake tu. Mwaka huohuo Sauti ya Unguja nayo ilianza upande wa pili wa bahari. Hivyo redio ya taifa, iliyokuja kusikika hadi ng'ambo ya mipaka yetu, ilizaliwa kama redio ya mji mmoja.

Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na tarehe 1 Julai 1965 serikali ikalichukua na kuifanya Redio Tanzania Dar es Salaam. Kazi iliyofanywa na chombo hicho hapana asiyeijua. Kilivipa nafasi vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika kuzungumza na watu wao waliokuwa chini ya ukoloni na ubaguzi. Kilirekodi bendi, taarab na ngoma za mikoa yote, na hazina hiyo ni miongoni mwa mali kubwa za utamaduni wetu. Na mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 waliketi katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka.

Kampeni hiyo yastahili kutazamwa tena. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini kazi ilifanywa na kikundi kilichokaa chini ya mwembe. Mafanikio yalitokana na kukutana kwa mambo mawili, yaani mtambo mkubwa uliosikika kila mahali, na mazungumzo madogo ya watu wanaojuana. Palipokosekana kikundi, redio ililia peke yake. Kwa hiyo hata katika enzi ya redio moja ya taifa, tulikwisha kujifunza kwamba sauti ya mbali hukamilishwa na sauti ya karibu.

Baadaye mambo yalibadilika. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi kumiliki vituo vya utangazaji Tanzania Bara, na tangu mwaka 1994 vituo vingi vimefunguliwa. Mwaka 2003 ilitungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Mawasiliano, na sheria ya mwaka 2010 ikaweka wazi zaidi kwamba hapana kurusha matangazo pasipo leseni. Leseni zenyewe zimepangwa kwa ngazi, kuanzia ya taifa hadi ya wilaya, na zipo za biashara na zisizo za biashara. Huo ni mpango wenye busara. Hata hivyo, ngazi ya chini kabisa ya mpango huo bado i juu ya kichwa cha fundi wa kata, ambaye mtaji wake ni meza moja, pasi ya kulehemu, na redio mbovu alizoachiwa na wateja wasiorudi.

Namna mtambo mdogo ufanyavyo kazi

Huenda msomaji akadhani kwamba kurusha matangazo ni kazi ya wataalamu wa viwanda vikubwa pekee. Sivyo. Mawimbi ya redio za FM hupita kati ya megahezi 88 na 108. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, kwa hiyo waya wa robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi, watosha kuwa eriali. Transista chache, koili iliyosokotwa kwa mkono, kipaza sauti, na betri ya gari: navyo fundi aliyezoea kutengeneza redio aweza kuunda chombo cha kurushia sauti. Wati 1 tu, eriali ikiinuliwa juu ya mlingoti mrefu au kilima, yaweza kusikika kilomita kadhaa. Kinachoamua umbali si nguvu pekee. Mawimbi hayo hupenda kuonana na mpokeaji uso kwa uso, na kilima kikisimama katikati huyazuia.

Lakini hapohapo pana hatari, na haifai kuificha. Chombo kilichoundwa bila kichujio hutoa, pamoja na wimbi lililokusudiwa, mawimbi mengine yasiyotakiwa. Juu tu ya megahezi 108 huanza mawimbi yanayotumiwa na ndege kujua njia, na kuanzia megahezi 118 ndipo marubani wanapozungumza na waongozaji wao. Fundi aliyekaa chumbani kwake akipiga muziki kwa nia njema aweza kumziba masikio rubani asiyemwona. Anga ni kama kisima cha kijiji: kila mtu ana haki ya kuteka, wala hapana mwenye haki ya kuogea humo. Ndiyo sababu hata wapenzi wa redio za ridhaa, wanaozungumza wao kwa wao kutoka nchi hadi nchi, hupewa alama za wito na masharti. Zile zilizoanza na VQ3 wakati wa Tanganyika na zinazoanza na 5H leo zinatambulikana duniani kote, na masharti yao yanawazuia kuutangazia umma.

Mifano ya kwingineko

Haja ya mtambo mdogo haikuzaliwa kwetu, na yafaa tuwatazame wengine, hasa wale waliofanana nasi kwa kazi. Katika migodi ya bati nchini Bolivia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, wachimbaji walianzisha vituo vyao vya redio, wakavilipia kwa kukatwa sehemu ya mishahara yao. Vituo hivyo vilitangaza ajali za mgodini, misiba, harusi, mikutano ya vyama vya wafanyakazi na michezo ya watoto. Majeshi yalipopindua serikali mwezi wa Julai mwaka 1980, vituo hivyo viliunganisha sauti zao, kila kimoja kikipokea kutoka kwa jirani na kupeleka mbele, hata askari walipovivamia kimoja baada ya kingine. Msomaji anayekumbuka maelezo yetu ya mwano atatambua kwamba wachimbaji wale wa Amerika ya Kusini na wafugaji wa Usukuma waligundua hekima moja pasipo kuonana.

Nchini Marekani, mwaka 1987, katika mji wa Springfield, mtu mweusi asiyeona aitwaye Mbanna Kantako alianza kurusha matangazo kutoka nyumba yake iliyokuwa katika makazi ya watu maskini. Mtambo wake haukuzidi wati 1. Aliwasemea majirani zake habari za madhila ya polisi na maisha ya makazi yao, mambo ambayo vituo vikubwa havikuyagusa. Mamlaka ilimwamuru aache, naye akaendelea. Wengi walifuata mfano huo, na mwaka 2000 serikali ya nchi hiyo ilianzisha leseni mpya za vituo visivyo vya biashara, visivyozidi wati 100. Mjini Freetown, nchini Sierra Leone, kijana Kelvin Doe, aliyezaliwa mwaka 1996, aliokota vyuma na nyaya katika majalala, akaunda betri na mtambo wa kutangazia mtaa wake; mwaka 2012 alialikwa katika chuo mashuhuri cha ufundi nchini Marekani. Kijana yuleyule, katika mji mwingine, angaliweza kukamatwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko katika ziwa letu wenyewe. Mwezi wa Mei mwaka 1982, mjini Homa Bay, nchini Kenya, kilifunguliwa kituo kidogo cha redio kwa msaada wa UNESCO na ridhaa ya serikali. Gharama ya mitambo yake haikufika dola 25,000, na kilizungumza Kijaluo kwa wakulima na wavuvi wa eneo lile. Wengi hukihesabu kuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya redio ya jamii barani Afrika. Mwaka 1984 serikali ileile ilikifunga. Kituo hicho hakikufa kwa ubovu wa mitambo wala kwa kukosa wasikilizaji. Kilikufa kwa sababu aliyekitoa ndiye aliyekitwaa.

Leseni na uovu

Yupo atakayesema kwamba mtambo mdogo ukiachwa huru utaleta chuki na umwagaji wa damu, naye atatutajia Rwanda. Tumjibu kwa heshima, kwani hofu yake ina msingi. Kituo cha RTLM kilianza kutangaza mwezi wa Julai mwaka 1993, na mwaka uliofuata kikawa mdomo wa mauaji ya kimbari. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1994, watu wapatao 250,000 walivuka mpaka na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Desemba mwaka 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza waliokuwa miongoni mwa vinara wa kituo hicho; mwaka 2007 rufaa ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini hatia ikabaki.

Basi tuangalie vizuri. RTLM haikuwa redio ya uchochoroni. Ilikuwa na mkataba na serikali ya nchi yake, ilikuwa na wakubwa nyuma yake, na ilisikika mbali. Leseni haikuizuia kuua. Na dawa ya sumu ile haikuwa kimya: mwaka 1995, hukohuko Ngara, shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera, likawaunganisha wakimbizi na wenyeji kwa habari za kweli. Redio moja iliwatoa watu makwao, redio nyingine ikawasaidia kuishi ugenini. Kilichozitenga ni nani aliwajibika kwa nani.

Wala si kweli kwamba kila kilichokosa kibali kilikuwa kibaya. Historia ya Geita yenyewe yatufundisha. Tangu mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikinyima chama cha TANU uandikishwaji katika Usukuma. Mikutano ikawa haramu, na hotuba ikawa kosa. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walipolikataa baraza la wilaya lililopangwa kwa misingi ya rangi, maelfu yao walijitokeza, na wengine wakaandamana hadi Mwanza, pasipo redio wala gazeti la kuwaita. Mkoloni aliwahesabu kuwa wavunja sheria. Sisi leo twawahesabu kuwa wazalendo.

Somo la Sungusungu

Tungeweza kuulizwa: je, dola ifanye nini na jambo lililozuka lenyewe kutoka kwa watu? Jibu twalo nyumbani. Mwaka 1982, wizi wa ng'ombe na uporaji ulipozidi, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda ulinzi wao ulioitwa Sungusungu. Hakuna sheria iliyouanzisha. Waliurudisha mwano, wakachagua viongozi, wakawasaka wezi. Walifanya mema mengi, na pia walifanya maovu, kwani wapo waliopigwa na kuuawa kwa tuhuma zisizothibitishwa, zikiwamo za uchawi. Serikali ilikuwa na njia mbili: kuufuta ulinzi huo au kuupa mipaka. Mwaka 1989 sheria ilirekebishwa ili kuutambua. Kazi ya kuusahihisha haikuisha siku ile, lakini tangu hapo ilikuwa kazi ya sheria na wananchi pamoja.

Twaona kwamba mtambo mdogo wa redio wastahili kutendewa vivyo hivyo. Fundi wa Kalangalala aliyeunda chombo cha kurushia sauti ana mambo mawili ndani yake: ana ujuzi ambao taifa laugharimia vyuoni, na ana kosa mbele ya sheria. Tukimpeleka mahakamani na kumnyang'anya chombo, tumeliondoa kosa na kuupoteza ujuzi. Ingefaa pawepo leseni ya kata, nyepesi kwa gharama, yenye masharti machache yanayoeleweka: chombo kikaguliwe na kufungwa kichujio, nguvu yake iwe na kikomo, mwenye nacho ajulikane kwa jina na mahali, na kamati ya wakazi iwe na haki ya kumwita na kumuuliza. Sharti hili la mwisho ndilo kubwa. Mtangazaji anayekutana na wasikilizaji wake kisimani na msibani huupima ulimi wake kuliko yule anayesema akiwa nyuma ya kioo, mamia ya kilomita kutoka kwao.

Hitimisho

Pengine itasemwa kwamba hoja hii imepitwa na wakati, maadamu simu ya mkononi imeenea. Simu kweli ni chombo chenye nguvu, lakini anayesikiliza kwa simu hulipia bando, na sauti yake hupitia mikononi mwa makampuni ya mbali. Redio huuliza betri tu, tena humhudumia asiyejua kusoma sawasawa na msomi. Mama aliyeinama shambani huisikia bila kuacha jembe.

Mwezi wa Desemba mwaka 1962, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Julius Nyerere, alilitangazia Bunge kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, ili tulirudishie taifa kile lililofundishwa kukidharau. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na mtambo mmoja mkubwa, nao ulitupa lugha moja na nyimbo zetu wote. Ilifaa iwe hivyo katika ujenzi wa umoja. Lakini umoja uliokwisha kusimama hauogopi sauti ya kijiji. Watunzi wa Bagika na Bagalu wanazeeka. Wapo wanaokufa na nyimbo ambazo hazikurekodiwa popote. Walongo waliokumbuka namna ya kuyeyusha chuma wamekwisha kwenda. Wachimbaji wadogo hufukiwa mashimoni, na pengine mtaa wa pili hupata habari baada ya maziko. Haya ni mambo ya kata, na hapana redio ya taifa iwezayo kuyabeba yote.

Pembe ya mgambo ilikuwa na mwenyewe, nao waliomsikia walimjua. Iko haja ya kuirudisha mikononi mwa kata, ikiwa imekaguliwa, ina jina la mwenyewe, na ina watu wa kumuuliza siku atakapoipiga bila jambo.